# Ngao za binadamu vitani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ulinzi wa kisheria wa raia

Maswali yaliyokusanywa hapa hujirudia kila mapigano yanapoingia kwenye makazi ya watu. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale ambayo hata wanasheria bado wanavutana juu yake. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Msingi wa katazo

1. Ngao ya binadamu ni nani hasa?

Ni mtu ambaye sheria inakataza kumshambulia, lakini anapelekwa, anawekwa au anazuiwa mahali fulani kwa makusudi, ili uwepo wake umfanye adui asite kupiga hapo. Anayemtumia anategemea jambo moja tu: kwamba upande wa pili utaogopa kumuua asiye na hatia, au utalaumiwa na dunia ukimuua. Heshima ambayo sheria inampa raia, yaani mtu asiye mpiganaji, ndiyo inayogeuzwa kuwa kifaa cha vita, na anayelipa kwa uhai wake ni yule yule ambaye sheria ilikusudia kumlinda.

Mbinu hii ni ya zamani. Katika vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 na 1871, wanajeshi wa Kijerumani waliwapandisha Wafaransa wenye majina makubwa kwenye treni ili wenzao wasizihujumu reli. Mwaka 1990, baada ya Irak kuivamia Kuwait, serikali ya Saddam Hussein iliwazuia raia wa kigeni na kuwaweka baadhi yao kwenye maeneo muhimu ambayo yangeweza kupigwa kwa mabomu. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 664 la tarehe 18 Agosti 1990, liliitaka Irak iwaruhusu kuondoka na isifanye lolote la kuhatarisha usalama wao. Waliachiwa Desemba mwaka huo.

2. Ni sheria ipi inayokataza jambo hili?

Zipo kadhaa, na kila moja ilikuja kuziba pengo la iliyotangulia. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ilianza na watu waliomo mikononi mwa adui: ibara ya 23 ya Mkataba wa Tatu inakataza kumtumia mfungwa wa vita ili kulifanya eneo lisishambuliwe, na ibara ya 28 ya Mkataba wa Nne inakataza vivyo hivyo kwa raia wanaolindwa na mkataba huo. Tatizo ni kwamba Mkataba wa Nne, katika sehemu hiyo, unawalinda hasa watu walioangukia mikononi mwa taifa ambalo si lao. Serikali iliyowatumia wananchi wake yenyewe ilibaki nje ya maneno ya ibara ya 28.

Pengo hilo lilizibwa na Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba hiyo. Ibara yake ya 51, fungu la 7, inasema kwamba uwepo au mwendo wa raia yeyote usitumiwe kukinga eneo lisipigwe, kuikinga shabaha ya kijeshi, wala kurahisisha au kuzuia operesheni za kijeshi. Haiulizi raia huyo ni wa taifa gani. Inagusa pia mwendo, kwa hiyo kuusukuma msafara wa wakimbizi mbele ya kikosi ni kosa sawasawa na kumfunga mtu mlangoni mwa ghala la silaha.

Kuna mataifa ambayo hayajairidhia Itifaki hiyo, ikiwemo Marekani na Israel, na watu huuliza kama yamesamehewa. Hayajasamehewa. Katazo hili limekuwa sehemu ya sheria ya kimila ya kimataifa, ambayo hulifunga kila taifa bila kujali limetia saini nini. Utafiti mkubwa wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu uliotolewa mwaka 2005 uliliandika kama Kanuni ya 97.

3. Je, katazo linayahusu makundi ya waasi na vita vya ndani ya nchi moja?

Ndiyo. Ni kweli kwamba ibara ya 3 inayofanana katika Mikataba yote minne ya Geneva, ambayo ndiyo nguzo ya sheria ya vita vya ndani, haitaji ngao za binadamu kwa jina, na Itifaki ya Ziada ya Pili ya mwaka 1977 nayo haitaji. Lakini ibara ya 3 inakataza kuchukua mateka na kuwatendea watu ukatili, na inazifunga pande zote za mgogoro, kundi lisilo la serikali likiwemo. Kanuni ya 97 nayo inatumika katika vita vya aina zote mbili. Kundi lenye silaha haliwezi kujitetea kwamba halikualikwa Geneva. Tofauti ndogo lakini yenye uzito inajitokeza kwenye mashtaka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na hilo limeelezwa katika swali la 15.

4. Wanaolindwa ni raia peke yao?

Hapana. Wafungwa wa vita wametajwa katika swali la 2. Majeruhi, wagonjwa na watumishi wa tiba hawaruhusiwi kutumiwa kukinga shabaha za kijeshi, na vituo vya tiba vina ulinzi wao maalumu (tazama swali la 8). Kwa wakimbizi wa ndani, Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 zinasema waziwazi, katika kanuni ya 10, kwamba wasitumiwe kuzikinga shabaha za kijeshi. Kutajwa huko si kwa bahati: watu waliokwisha kung'olewa makwao ndio rahisi zaidi kusukumwa huku na huko, kwa kuwa hawana pa kurudi na mara nyingi chakula chao kinatoka kwa yule yule mwenye bunduki.

## Lini ni ngao na lini si ngao

5. Wapiganaji wakiwa wanaishi mtaani kati ya watu, watu wa mtaa huo ni ngao za binadamu?

Si lazima, na hapa ndipo upotoshaji mwingi unapoanzia. Kinachotenganisha ngao na jirani wa kawaida ni kusudi. Wapiganaji wengi hupigana mahali wanapoishi, vita vya mijini kwa asili yake huwachanganya watu, na kuwepo kwa familia kwenye ghorofa ya pili ya jengo ambalo ghorofa yake ya chini ina redio ya mawasiliano ya kijeshi hakuthibitishi chenyewe kwamba kuna aliyetaka familia hiyo iwe kinga.

Hiyo haimaanishi kwamba wapiganaji hao hawana kosa. Ibara ya 58 ya Itifaki ya Kwanza inautaka kila upande, kwa kadiri iwezekanavyo, uwaondoe raia karibu na shabaha za kijeshi na uepuke kuziweka shabaha hizo katika maeneo yenye watu wengi. Anayepuuza wajibu huo anavunja sheria. Ila kutochukua tahadhari ni jambo moja, na kumtumia mtu kama ngao ni jambo jingine, zito zaidi, linalohitaji uthibitisho wa nia.

Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu neno lenyewe limechakaa kwa kutumiwa ovyo. Msemaji wa jeshi akisema baada ya shambulio kwamba waliokufa walikuwa ngao za binadamu, msikilizaji huhisi kwamba swali limekwisha jibiwa. Halijajibiwa. Kwanza inabidi ithibitishwe kwamba kweli walitumiwa hivyo, na hata ikithibitishwa, maswali ya 9 na 10 yanabaki pale pale.

6. Ni lazima raia awe amelazimishwa kwa nguvu au amehamishwa?

Hapana. Maelezo rasmi ya vipengele vya uhalifu yanayotumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai yanatambua njia mbili: mtuhumiwa aliwahamisha raia, au aliitumia kwa faida yake nafasi ambayo tayari walikuwepo. Kamanda anayelikuta soko limejaa na kuleta roketi zake katikati yake kwa sababu limejaa, anaingia katika njia ya pili, ingawa hakumgusa mtu yeyote. Kinachobaki kuthibitishwa ni kile kifungu cha "kwa sababu limejaa".

7. Vipi pale watu wanapozuiwa tu wasiondoke?

Kuzuia watu kukimbia kunaweza kuwa njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa kunawageuza watu wa eneo zima kuwa ngao kwa mkupuo mmoja. Katika miezi ya mwisho ya vita vya Sri Lanka mwaka 2009, takribani raia 330,000 walibanwa katika eneo lililozidi kupungua la Vanni. Jopo la wataalamu lililoteuliwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, lililotoa ripoti yake mwaka 2011, liliona kuna tuhuma za kuaminika kwamba waasi wa Tamil Tigers waliwazuia kuondoka na kuwatumia kama kizuizi kati yao na jeshi la serikali, na kwamba waliwapiga risasi baadhi ya waliojaribu kutoroka. Jopo hilo hilo liliona kuna tuhuma za kuaminika kwamba jeshi la serikali liliyapiga kwa mizinga maeneo ambayo lenyewe liliyatangaza kuwa salama, na kwamba lilizipiga hospitali. Pande mbili, makosa mawili, na watu wale wale katikati.

Wakati wa mapigano ya mji wa Mosul nchini Irak, kati ya Oktoba 2016 na Julai 2017, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliripoti kwamba kundi la Dola la Kiislamu liliwaswaga maelfu kwa maelfu ya watu kutoka vijiji vya jirani kuelekea mjini, ili wawe kinga dhidi ya mashambulizi.

Na huko Yahidne, kijiji cha mkoa wa Chernihiv nchini Ukraine, wanajeshi wa Urusi waliifanya shule kuwa kambi yao Machi 2022 na kuwafungia wanakijiji katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo hilo hilo. Kwa mujibu wa Ofisi hiyo ya Umoja wa Mataifa, walikuwa watu 360, watoto 74 wakiwemo, na walikaa humo siku 28. Wazee 10 walifia humo, katika msongamano uliokuwa bila hewa ya kutosha. Hakuna bomu lililowaua.

8. Hospitali na shule zina hali gani?

Kituo cha tiba hakiruhusiwi kamwe kutumiwa kukinga shabaha ya kijeshi. Hilo limo katika ibara ya 12 ya Itifaki ya Kwanza. Kikitumiwa kwa vitendo vya kumdhuru adui, mathalani kurushia silaha, kinaweza kupoteza ulinzi wake, lakini ibara ya 19 ya Mkataba wa Nne inataka kwanza litolewe onyo na muda unaofaa, na shambulio linawezekana tu onyo hilo likipuuzwa. Sheria imesema pia kwamba askari majeruhi kulazwa humo, au bunduki zao kukutwa chumba cha kuhifadhia kabla hazijakabidhiwa, si kitendo cha kumdhuru adui. Na hata jengo likipoteza ulinzi, wagonjwa waliomo hawapotezi wao.

Shule ni mali ya kiraia. Ikigeuzwa kambi huwa shabaha ya kijeshi kwa muda inaotumiwa hivyo, na watoto walioachwa humo hubaki watoto.

## Wajibu wa anayeshambulia

9. Mtu aliyefanywa ngao anapoteza ulinzi wake wa kisheria?

Hapana. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo linalosahauliwa upesi pale hasira inapopanda. Ibara ya 51 ya Itifaki ya Kwanza, mara tu baada ya kukataza ngao za binadamu katika fungu la 7, inaongeza katika fungu la 8 kwamba uvunjaji wa katazo hilo hauuondolei upande mwingine wajibu wake kwa raia, ukiwemo wajibu wa kuchukua tahadhari. Waandishi wa sheria waliliona swali hili linakuja wakalijibu kabla halijaulizwa.

Sababu yake inaeleweka hata bila kufungua kitabu cha sheria. Ulinzi wa raia ni wa raia mwenyewe. Si mali ya kundi linalomshikilia, kwa hiyo kundi hilo haliwezi kuuza, kupoteza wala kuchezea kitu ambacho si chake. Mama aliyefungiwa chumbani na wenye bunduki hajafanya lolote la kumnyang'anya haki aliyokuwa nayo jana.

10. Basi shabaha yenye ngao za binadamu haiwezi kupigwa kabisa?

Inaweza kupigwa, chini ya masharti magumu, na ni vyema kulisema hili bila kuzunguka. Sheria haikuahidi kwamba anayejificha nyuma ya raia atakuwa salama. Ingefanya hivyo, ingempa zawadi. Ghala la silaha linabaki kuwa shabaha ya kijeshi hata kama kuna watu waliowekwa mbele yake. Kinachoamua ni kanuni ya uwiano: shambulio linakatazwa ikiwa madhara yanayotarajiwa kwa raia yamepita kiasi, yakilinganishwa na faida ya kijeshi iliyo dhahiri na ya moja kwa moja inayotazamiwa.

Chukua mifano miwili ya kubuni. Mdunguaji mmoja yuko juu ya paa, na kwenye sakafu za chini yake zimefungiwa familia kumi. Kuliangusha jengo zima kwa bomu ili kumpata yeye ni jambo lisiloweza kutetewa kwa urahisi, hasa ikiwa kikosi kinaweza kupita njia nyingine, kusubiri usiku au kutumia silaha ndogo zaidi. Katika mfano wa pili, kuna mtambo wa makombora unaojiandaa kufyatua kuelekea mji wenye watu wengi, na walinzi wawili wa kiraia wamefungwa kando yake. Hapo mizani inakaa tofauti, ingawa vifo vya hao wawili vinabaki kuwa vifo vya watu wasio na kosa. Kabla ya mizani hiyo ipo ibara ya 57 ya Itifaki ya Kwanza, inayomtaka mshambuliaji athibitishe anachokipiga, achague njia na silaha za kupunguza madhara, na aahirishe au aachane na shambulio ikionekana kwamba madhara yatapita kiasi.

Je, ngao wahesabiwe pungufu katika mizani hiyo, kwa kuwa aliyewaweka ndiye mwenye makosa? Wapo wanasheria na baadhi ya mataifa wanaosema kwamba kosa la anayejikinga liwe na uzito fulani upande wa mshambuliaji, la sivyo mbinu hii italipa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini siikubali. Fungu la 8 halitoi punguzo lolote, na kumhesabu mtu kuwa nusu kwa sababu ametekwa ni kumwadhibu aliyedhulumiwa kwa dhuluma aliyofanyiwa. Lawama ya aliyewaweka ina mahali pake, nayo ni mahakamani.

11. Onyo lilitolewa na watu hawakuondoka. Je, sasa ni halali kuwapiga?

Onyo ni wajibu wa mshambuliaji pale shambulio linapoweza kuwagusa raia, isipokuwa hali hairuhusu. Kulitoa hakubadilishi chochote katika hadhi ya waliobaki. Watu hubaki kwa sababu ni wazee, ni wagonjwa, barabara inapigwa, hawana pa kwenda, au kuna mtu mwenye bunduki mlangoni. Aliyebaki baada ya onyo si mpiganaji, na hawi ngao ya kujitolea kwa kubaki tu. Hesabu ya swali la 10 inapaswa kufanywa upya kwa idadi ya watu wanaodhaniwa bado wamo.

12. Adui anatumia ngao za binadamu. Nasi tunaruhusiwa kufanya hivyo?

Hapana. Wajibu huu hautegemei mwenzako ametenda nini, na kulipiza kisasi kwa raia kumekatazwa na ibara ya 51, fungu la 6.

## Hali zenye utata

13. Je, mtu akijitolea mwenyewe kuwa ngao?

Mapema mwaka 2003, watu wa mataifa mbalimbali walisafiri hadi Baghdad wakitaka kuzuia mashambulizi ya Marekani na washirika wake kwa miili yao. Baadhi yao waliondoka walipogundua kwamba serikali ya Irak ndiyo iliyotaka kuamua wakae wapi. Walioketi kwenye mitambo ya maji ya kunywa walikuwa wakikilinda kitu ambacho kwa kawaida kimekwisha kulindwa na sheria. Ugumu unakuja pale mtu anapojitolea kuikinga shabaha halisi ya kijeshi.

Mahakama Kuu Kabisa ya Israel, katika hukumu yake ya Desemba 2006 kuhusu mauaji ya kulenga watu maalumu, ilisema kwamba wanaojitolea kwa hiari kwa kuliunga mkono kundi la wapiganaji wanashiriki moja kwa moja katika mapigano, na hivyo wanapoteza ulinzi wa raia dhidi ya kushambuliwa, ilhali waliolazimishwa ni wahanga. Mwongozo wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wa mwaka 2009 kuhusu ushiriki huo unakata mstari mahali pengine. Watu wanaosimama darajani na kulizuia gari la kijeshi lisipite wameweka kizuizi cha kimwili, na hilo linaweza kuwa ushiriki wa moja kwa moja. Wanaosimama juu ya paa ambalo ndege itapiga hawawezi kulizuia bomu kwa miili yao. Kizuizi chao ni cha kisheria tu, na hicho hakiwaondolei hadhi ya watu wasio wapiganaji.

Ninauona mstari wa pili kuwa wa busara zaidi, kwa sababu moja ya kiutendaji: rubani aliye juu hana namna ya kujua nani amejitolea na nani amesukumwa. Ibara ya 50 ya Itifaki ya Kwanza inaamuru kwamba panapokuwa na shaka, mtu achukuliwe kuwa raia. Watoto hawaingii kabisa katika mjadala huu, kwa kuwa hakuna ridhaa ya mtoto ya kufa inayoweza kuheshimiwa.

14. Wanajeshi wakimtuma raia agonge mlango wa jirani au atangulie kwenye jengo lenye mitego, hiyo nayo ni ngao?

Ndiyo, hata kama ni kwa dakika chache na hata kama yeye mwenyewe amekubali. Jeshi la Israel liliwahi kuwa na utaratibu wa kumtumia mkazi wa Kipalestina kupeleka onyo kwa mtu anayetafutwa kabla ya kumkamata. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliuharamisha mwezi Oktoba 2005. Hoja yake ni ya kukumbukwa: ridhaa inayotolewa na mtu aliyezungukwa na askari wenye silaha haiaminiki kuwa ridhaa, na jeshi linaloikalia ardhi haliruhusiwi kumwingiza mkazi katika kazi zake za kivita. Katazo la mahakama halikumaliza kila kitu. Mwaka 2010, mahakama ya kijeshi ya Israel iliwatia hatiani askari wawili waliomlazimisha mvulana wa miaka 9 huko Gaza, Januari 2009, kufungua mifuko waliyohofia kuwa na vilipuzi. Walishushwa vyeo na kupewa kifungo cha nje.

## Uwajibikaji

15. Je, kutumia ngao za binadamu ni uhalifu wa kivita?

Ndiyo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, unautaja katika orodha ya ibara ya 8 kama uhalifu wa kivita katika vita vya kimataifa. Katika orodha ya vita vya ndani haumo, na huo ni upungufu mkubwa ukizingatia jinsi vita vingi vya zama hizi vilivyo vya ndani. Mwendesha mashtaka hulazimika kupita mlango mwingine: kuchukua mateka, kuwatendea watu ukatili, au kudhalilisha utu wao, makosa ambayo yote yamo. Kitendo ni kile kile. Kinachobadilika ni jina la shtaka na mambo ya kuthibitisha.

Mfano wa mlango huo wa mateka ni Bosnia. Mwezi Mei 1995, baada ya ndege za NATO kushambulia, vikosi vya Waserbia wa Bosnia viliwakamata askari na waangalizi wa Umoja wa Mataifa zaidi ya 200, na baadhi yao wakafungwa kwa minyororo na pingu kwenye maeneo ya kijeshi yaliyoweza kupigwa. Radovan Karadžić, kiongozi wao wa kisiasa, na Ratko Mladić, kamanda wao wa kijeshi, walitiwa hatiani kwa kosa la kuchukua mateka, pamoja na makosa mengine mazito, na wote wawili walihukumiwa kifungo cha maisha.

16. Ni lazima ngao awe ameuawa au kujeruhiwa ndipo kuwe na kosa?

Hapana. Tarehe 20 Aprili 1993, raia Waislamu wa Bosnia waliokuwa wamezuiliwa walipelekwa mbele ya Hoteli Vitez, ambayo ilikuwa makao makuu ya vikosi vya Wakroati wa Bosnia, ili mizinga ya upande wa pili inyamaze. Kamanda wa eneo hilo, Tihomir Blaškić, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Yugoslavia ya zamani. Katika hukumu ya rufaa ya Julai 2004 alifutiwa makosa mengi na kifungo chake kikashuka kutoka miaka 45 hadi 9, lakini kosa la ngao za binadamu lilibaki. Majaji walisema kwamba kumtumia mtu hivyo ni kosa hata kama hakushambuliwa wala hakudhurika. Hofu ya kuketi pale, ukisubiri kombora kutoka kwa watu wako mwenyewe, ni unyama unaotosha kuadhibiwa.

17. Askari wa kawaida anaweza kujitetea kwamba aliamriwa? Na kamanda asiyeamuru?

Amri ya mkubwa si utetezi ikiwa uharamu wake uko wazi, na ni vigumu kuona jinsi amri ya kumfunga mtu mlangoni mwa kambi inavyoweza kuonekana halali. Kamanda naye hajifichi nyuma ya ukimya. Blaškić hakuthibitishwa kuwa aliamuru. Alitiwa hatiani kwa sababu alijua, alikuwa na mamlaka ya kuzuia, na hakuzuia.

18. Mtu aliyenusurika ahifadhi kumbukumbu gani?

Kwa kuwa nia ndiyo kiini cha shauri (swali la 5), vinavyosaidia zaidi ni vitu vidogo: tarehe na saa, umbali kati ya watu na silaha, ni nani alitoa maelekezo na kwa maneno gani, kama kulikuwa na njia ya kutoka na nani aliifunga, kama wapiganaji walitoka jengoni na kuwaacha watu humo ndege zilipokuja. Huko Yahidne, wanakijiji waliandika ukutani majina ya waliofariki na kuhesabu siku kwa kuziandika. Kupiga picha ukiwa bado mikononi mwa wenye silaha kunaweza kukugharimu maisha, na hakuna shauri linalostahili gharama hiyo.

Ifahamike pia kwamba Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hufanya kazi kwa siri na haitoi ushahidi mahakamani, kwa hiyo kuieleza si sawa na kufungua shauri. Ushahidi wa mashtaka hupelekwa kwa waendesha mashtaka wa nchi au wa kimataifa, au kwa tume za uchunguzi za Umoja wa Mataifa.

19. Aliyelazimishwa kuwa ngao anaweza baadaye kushtakiwa kwamba alimsaidia adui?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na anayeuliza mara nyingi ana mtu mahususi anayemfikiria. Aliyeshikiliwa kwa nguvu hakushiriki katika mapigano; mwongozo wa Msalaba Mwekundu wa mwaka 2009 (swali la 13) unasema kwamba raia aliyenyang'anywa kabisa uhuru wa kutenda anabaki na ulinzi wake hata mwili wake ukitumiwa kwa faida ya upande mmoja. Hali ni ngumu zaidi kwa aliyelazimishwa kufanya kazi, kama kubeba risasi au kuchimba mahandaki mstari wa mbele. Kumlazimisha raia aliyezuiliwa afanye kazi ya namna hiyo ni kosa la anayemlazimisha, na mahakama ya Yugoslavia iliwatia watu hatiani kwa hilo. Yeye mwenyewe, akishtakiwa mahali popote, ana utetezi wa kutenda chini ya tishio la kifo, ambao Mkataba wa Roma unautambua katika ibara ya 31 na ambao anapaswa kuutaja mapema iwezekanavyo, tangu maelezo ya kwanza anayoandikisha.